Ufagio si wa mama peke yake

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, Maswahaba zake na wote wanaofuata nyayo zao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad. Ndugu zangu Waislamu, wiki hii nataka tuzungumze jambo ambalo wapo watakaolidharau kwa kuona kichwa cha habari tu, wakasema huyu leo amekosa la kusema. Jambo lenyewe ni usafi na mpangilio wa nyumba zetu, hasa kwa sisi tunaoishi katika jiji kama hili la Dar es Salaam, ambapo baba anatoka na giza na kurudi na giza, na siku hizi mama naye anatoka na giza.

Msilidharau. Nimekaa kwenye vikao vya suluhu msikitini kwa muda sasa, na ugomvi mwingi niliousikia haukuanza na jambo kubwa. Ulianza na vyombo vilivyolala bila kuoshwa, kanzu isiyopigwa pasi siku ya Ijumaa, mgeni aliyekuta nguo zimetapakaa sebuleni. Vidogo hivyo vikajaa, vikamwagika, mpaka watu wawili waliokutanishwa kwa jina la Allah wakafikia kuitana majina ambayo mtu hamwiti hata adui yake.

Kikao baada ya Isha

Miezi michache iliyopita, baada ya swala ya Isha, kijana mmoja alikuja kwenye kikao chetu akitaka ushahidi wa wazee, kwani alikuwa amekusudia kumwacha mkewe. Ana duka Kariakoo, mkewe ni mwalimu wa shule ya msingi, na wana watoto watatu. Mke alikuwa kwao tangu wiki mbili nyuma, na usiku ule alikuja na baba yake mdogo.

Kijana akatoa shitaka lake. Alileta nyumbani wageni wawili kutoka mkoani, wafanyabiashara wenzake anaowaheshimu. Kufungua mlango, kochi limejaa nguo zilizoanuliwa, meza ina vyombo vya asubuhi, sakafuni vitu vya watoto, na poti la mtoto liko nyuma ya mlango. Wageni walisimama wasijue wakae wapi. Kwa aibu na hasira akamgeukia mkewe aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini, akamwambia mbele ya wageni wale: "Mimi nilioa mke, sikuoa jalala."

Mke hakujibu neno. Alisubiri wageni waondoke, akakusanya watoto na nguo chache, akaenda kwao.

Mzee wetu mmoja, ambaye huwa hasemi mpaka wengine wamalize, akamwuliza kijana: "Mwanangu, siku ile asubuhi nani alitangulia kutoka nyumbani?"

"Yeye, mzee wangu. Anatoka saa kumi na moja na nusu na watoto, maana shule ni mbali. Mimi natoka saa moja."

"Kitanda ulichoamkia, ulikitandika?"

Kijana akatazama chini. "Hapana."

"Kikombe ulichonywea chai?"

"Nilikiacha mezani."

"Shati ulilovua jana yake?"

"Lilikuwa kwenye kochi."

Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole: "Sasa nihesabie mwanangu. Katika vitu walivyoviona wageni wako, vyako wewe vilikuwa vingapi?"

Kikao kizima kilikuwa kimya. Nami nikiwa nimekaa pale kama msuluhishi, nilikumbuka kanzu yangu niliyoivua baada ya Magharibi na kuitupa kitandani. Nikaona aibu. Swali lile halikuwa la kijana yule peke yake.

Twahara haiishii msikitini

Ndugu zangu, sisi ni umma wa twahara. Katika Hadithi aliyoipokea Abu Malik Al-Ash'ari (r.a.) na kuandikwa na Imamu Muslim, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba twahara ni nusu ya imani. Wapo wanaosema "usafi ni sehemu ya imani" wakidhani ndiyo matamshi ya Hadithi hiyo. Maana yake ni nzuri, lakini wataalamu wa Hadithi hawakuyathibitisha matamshi hayo kuwa ya Mtume. Tunalo lililo sahihi na lenye uzito zaidi, kwa sababu limetaja nusu.

Na katika Suratut Tawba (9:108), Allah (s.w.) amewasifu watu wa msikiti uliojengwa juu ya uchamungu kuwa ni watu wanaopenda kujitwaharisha, na akatujulisha kuwa Yeye huwapenda wenye kujitwaharisha. Katika Suratul Muddaththir, miongoni mwa maamrisho ya mwanzo kabisa kwa Mtume (s.a.w.) ni kuzitwaharisha nguo zake.

Basi hebu tujiulize. Muislamu anayeosha viungo vyake mara tano kwa siku, akahakikisha maji yamefika kwenye kisigino, kisha akapita sebuleni akaruka ganda la ndizi ambalo yeye mwenyewe amelidondosha, amefahamu nini katika udhu wake? Tumeifanya twahara kuwa ya kiwiliwili na ya mswala tu. Tukishakunja mswala, nyumba tunamwachia mwingine.

Allah (s.w.) katika Suratun Nahl (16:80) ametukumbusha neema ya nyumba, kwamba ametujaalia majumba yetu yawe mahali pa utulivu. Hilo ndilo lengo la nyumba. Si lazima iwe ya ghorofa, na si lazima iwe na vigae. Chumba na sebule ya kupanga Manzese inaweza kuwa mahali pa utulivu, na jumba la vyumba sita likawa mahali pa kukimbiwa. Mtu aliyesimama kwenye daladala au mwendokasi saa nzima, amesukumwa na kukanyagwa, akifika kwake anahitaji mahali pa kuketi, mahali pa kuswali pasipo na shaka ya najisi, na maji ya kunywa yaliyofunikwa. Akikosa hayo, uchovu wake unageuka hasira, na hasira inatafuta mtu wa kumwangukia.

Mtume (s.a.w.) alikuwaje nyumbani kwake?

Wapo wanaume watakaosema: "Sawa, nyumba iwe safi, lakini hiyo ni kazi ya mwanamke." Hawa nawarudisha kwa mtu tunayedai kumfuata.

Al-Aswad, mmoja wa wanafunzi wa Maswahaba, alimwuliza Mama wa Waumini Aisha (r.a.) ni nini alichokuwa akifanya Mtume (s.a.w.) akiwa nyumbani. Swali zuri, kwa sababu nje watu walimwona akihutubia, akihukumu, akipokea wajumbe na akiongoza jeshi. Jibu la Bi Aisha, kama lilivyopokewa na Bukhari, ni kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumbani kwake, na ukifika wakati wa swala alitoka kwenda kuswali. Katika mapokezi mengine imetajwa kuwa alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake mwenyewe.

Ndugu yangu, ni nani kati yetu mwenye shughuli nyingi kuliko Mtume (s.a.w.)? Wewe una duka, yeye alikuwa na umma. Wewe una bosi mmoja, yeye alikuwa akipokea wahyi kutoka kwa Mola wa walimwengu. Hata hivyo, shughuli zake hazikumzuia kushika kiatu chake kilichokatika. Tunafuata Sunna katika ndevu na kanzu, na hilo ni jema. Ufagio nao mbona tumeuacha?

Kuna kisa kingine ambacho wanaume wengine wanakitumia vibaya. Bi Fatima (r.a.), binti ya Mtume, alichoshwa na jiwe la kusagia mpaka likamwachia alama mikononi. Akasikia kuwa wameletwa mateka, akaenda kwa baba yake kuomba mtumishi. Hakumkuta, akamweleza Bi Aisha. Usiku Mtume (s.a.w.) akawaendea, wakiwa wameshalala, akaketi kati yao, akawafundisha kusema kabla ya kulala Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33 na Allahu Akbar mara 34, akawaambia kuwa hayo ni bora kwao kuliko mtumishi. Kisa hiki kipo katika Bukhari na Muslim.

Mume akikisikia hiki husema: "Umeona? Bi Fatima alifanya kazi zote, na hakupewa mtumishi." Ewe ndugu, kisome vizuri. Mtume (s.a.w.) hakumwambia binti yake kuwa ni mvivu. Hakumwambia mbona wenzako wanaweza. Alitoka kwake usiku kwa miguu yake akaenda kumsikiliza. Na dawa aliyoitoa hakumpa Fatima peke yake, aliwaambia wote wawili, yeye na Ali (r.a.). Uchovu wa mke umehesabiwa hapa kuwa ni jambo la watu wawili.

Na kwa upande wa fiqhi ni vyema watu wajue. Wanachuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu katika pwani hii tunayafuata, wamesema kuwa kupika, kufua na kufagia si wajibu wa kisheria juu ya mke. Akifanya, ni ihsani yake. Wapo wengine, kama Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim, walioona kuwa ni wajibu wake kwa kadiri ya ada ya watu wa mahali pale na hali ya mke mwenyewe. Ukichukua kauli ya kwanza, basi kila sahani aliyoiosha mkeo ni sadaka kwako, na mwenye kupewa sadaka hatukani. Ukichukua kauli ya pili, basi ada yenyewe imebadilika: ada ya bibi zetu haikuwa mwanamke kuondoka kabla ya Alfajiri kwenda kusomesha watoto 80 darasani na kurudi saa kumi na moja jioni na mshahara unaolipa kodi ya nyumba. Haiwezekani ubadilishe ada upande wa mapato, ukaishikilia ile ile upande wa vyombo.

Na binti wa kazi je?

Wengi wetu tumejaribu kulimaliza tatizo hili kwa kuleta msichana wa kazi kutoka kijijini. Hata kwa kijana yule wa Kariakoo ndivyo ilivyokuwa. Binti alikwenda kwao kusherehekea Iddi na hakurudi, na nyumba ikaanza kuporomoka tangu siku hiyo. Maana yake ni nini? Maana yake nyumba ya watu wazima wawili ilikuwa imesimama juu ya mgongo wa binti mmoja, na hakuna aliyeuona mzigo mpaka alipoutua.

Katika Hadithi ya Abu Dharr (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) amewaita wanaotutumikia kuwa ni ndugu zetu. Akatuamuru tuwalishe tunachokula, tuwavishe tunachovaa, tusiwakalifishe wasiyoyaweza, na tukiwapa kazi nzito basi tuwasaidie. Angalia hilo la mwisho. Hata mwenye mtumishi ameamrishwa kutia mkono.

Na Anas bin Malik (r.a.) alimtumikia Mtume (s.a.w.) miaka 10, akashuhudia kuwa hakuwahi kumwambia hata "uff", wala hakumlaumu kwa alichokifanya au alichokiacha. Leo binti wa miaka 17 analala wa mwisho, anaamka wa kwanza, mshahara anacheleweshewa, na sahani moja ikivunjika anatukanwa yeye na wazazi wake asubuhi kutwa. Kisha tunashangaa kwa nini haji tena baada ya Iddi. Nyumba inayong'aa kwa dhuluma haina twahara, hata ukiipiga deki mara tatu kwa siku.

Vitu vimetuzidi

Sasa tusimwonee baba peke yake. Mzee wetu usiku ule alimgeukia mke pia, akamwomba aeleze nyumba ikoje. Dada yetu, kwa ukweli wake, akasema: "Baba, hata nikipata muda, sina pa kuviweka. Kabati limejaa vyombo vya wageni. Chini ya kitanda kuna mifuko ya nguo za watoto zilizowabana. Kila nikisema nizigawe, nasema zitafaa."

Hili nalo tulitazame. Imamu Muslim amepokea kwa Jabir (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alitaja matandiko: moja la mume, moja la mke, la tatu la mgeni, na la nne la shetani. Wanachuoni wameeleza kuwa makusudio ni kile kinachozidi haja, kinachowekwa kwa ajili ya fahari. Mwenye watoto wanane anahitaji matandiko zaidi, hakuna ubaya.

Hebu tuhesabu kwa kipimo hicho. Seti tatu za sahani zilizofungiwa kwenye kabati la kioo, huku familia inagombea sahani nne za plastiki. Kochi kubwa kuliko sebule, mpaka mtu apite kwa ubavu. Ndoo zilizopasuka, feni iliyokufa, redio ya tangu enzi ya kaseti. Kila kitu kinachoingia ndani kinadai kazi tatu: kufutwa vumbi, kuhamishwa na kutafutiwa mahali. Tunalalamika hatuna muda, na huku tunanunua kazi kwa pesa zetu wenyewe.

Dawa yake ni sadaka. Nguo ya mtoto iliyombana ina mwenyewe mtaani kwako anayeihitaji leo. Ukiitoa umepata mambo mawili: thawabu, na nafasi chini ya kitanda.

Kidogo kinachodumu

Ndugu zangu, swali la wengi ni hili: tutaanzia wapi, na muda hatuna? Jibu lipo katika Hadithi ya Bi Aisha (r.a.) katika Bukhari na Muslim, kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Allah ni ile inayodumu hata kama ni kidogo. Kosa letu ni kuacha wiki nzima kisha Jumapili tukaamka kama tunahama, tunafua, tunadeki, tunagombana, na jioni kila mtu amenuna. Yatugawie siku yetu kama swala zilivyogawiwa.

Baada ya Alfajiri, wa mwisho kutoka kitandani akitandike. Ni dakika mbili. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kukung'uta tandiko kabla ya kulala, kwa kuwa mtu hajui nini kimeingia baada yake. Aliyetandika asubuhi na kukung'uta usiku amekitunza kitanda chake kwa Sunna.

Mtu asitoke chumba kimoja kwenda kingine mikono mitupu ikiwa kuna kitu kinachokwenda huko huko. Kikombe kirudi jikoni na aliyekinywea. Nguo chafu iende kwenye tenga, isiende kwenye kiti.

Usiku kabla ya kulala ndiyo zamu kubwa. Katika Hadithi ya Jabir (r.a.), Mtume (s.a.w.) ameamuru tufunike vyombo, tufunge viriba vya maji, tufunge milango na tuzime taa, hata kama kifuniko hakipatikani basi chombo kiwekewe kijiti juu yake. Na ilipotokea nyumba Madina ikaungua usiku na watu wake wamo ndani, alisema kuwa moto ni adui yetu, tuuzime tunapolala. Haya ni maneno ya zaidi ya miaka 1,400, na tazama yanavyotuhusu. Wangapi wanalala na jiko la mkaa limewaka ndani ya chumba kilichofungwa, na hewa yake haionekani wala hainuki, lakini inaua? Jiko litolewe nje, chakula kifunikwe, vyombo vioshwe, takataka zitoke. Nusu saa kwa watu wawili, robo saa ikiwa watoto wanasaidia.

Siku ya Ijumaa, pamoja na kuoga na kukata kucha, tuongeze jambo moja: kumwaga maji yaliyotuama na kusugua vyombo vya maji. Jiji letu lilipigwa na homa ya dengi mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Mbu wake huuma mchana, na hapendi mitaro mikubwa. Anataga kwenye ndoo ya mgao, kwenye sahani ya chungu cha maua, kwenye tairi lililotupwa uani. Kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni kama wiki moja hadi siku 10. Kwa hiyo nyumba inayosugua vyombo vyake kila Ijumaa inamkatisha kabla hajaruka. Nasema kusugua, maana mayai hunata kwenye kuta za chombo, kumwaga tu hakutoshi. Na hatujasahau kipindupindu kilichoanza hapa Dar es Salaam mwezi Agosti mwaka 2015 kikaenea mikoani mpaka Zanzibar. Mikono isiyooshwa, maji yasiyofunikwa na choo kisichotunzwa ndizo njia zake. Kwa wale tunaopanga nyumba moja familia tano na choo kimoja, zamu ya kuosha choo ni haki ya jirani. Anayeikwepa ajue amemuudhi jirani yake, na anajua Mtume (s.a.w.) alivyosisitiza haki ya jirani.

Watoto, wa kike na wa kiume

Yupo mama anayelalamika mumewe hashiki ufagio, na huku mwanawe wa kiume wa miaka 12 amelala kwenye kochi anatazama mpira wakati dada yake wa miaka 9 anaosha vyombo. Mama, huyo unayemlea ndiye mume wa binti wa mwenzio. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mtoto wa kiume akunje nguo zake, aoshe sahani yake, afagie uwanja. Hatapungukiwa uanaume, kwani aliyekuwa mwanaume kuliko wote alishona nguo yake.

Wala tusiwafundishe watoto kuwa kazi ya ufagio ni ya watu wa chini. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mtu aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume (s.a.w.). Akafariki, watu wakaona si jambo kubwa, wakamzika bila kumjulisha Mtume. Alipomkosa, akamwulizia, akawalaumu kwa kutomwambia, akaomba aonyeshwe kaburi lake, akaliendea na kumswalia. Katika Madina nzima, Mtume (s.a.w.) alimkumbuka mfagiaji.

Tusikalifishane

La mwisho, tahadhari. Wapo watu ambao usafi umewageukia maradhi. Mtoto akidondosha tonge anapigwa. Mgeni akiinuka tu, kochi linafutwa. Mke mwenye mtoto wa wiki tatu anaulizwa kwa nini dirisha lina vumbi. Huo si usafi, ni wasiwasi. Allah (s.w.) katika Suratul Baqara (2:286) ametujulisha kuwa haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uweza wake. Basi wewe ni nani umkalifishe mwenzio zaidi ya hapo? Aliyejifungua, mgonjwa, anayeuguza, aliyefiwa, nyumba yake ikivurugika jirani aende na ndoo yake, asiende na maneno yake.

Mtarajie nilivyowakuta

Kikao kile kiliisha karibu saa tano za usiku. Kijana aliombwa amtake radhi mkewe kwa lile neno, na kwa kuwa alilisema mbele ya wageni, mzee akamtaka awapigie simu wageni wale awaambie kuwa alikosea. Hilo lilimwia zito kuliko yote. Lakini alipiga, pale pale, mbele yetu, na sauti yake ilitetemeka. Mkewe, ambaye muda wote alikuwa kakaza uso, ndipo machozi yakamtoka.

Wiki iliyopita nilipita kwao baada ya Isha bila kuwaarifu, kwa kuwa nilikuwa na mazishi mtaa ule ule. Nitasema kweli: nguo zilikuwa kwenye kochi. Watoto walikuwa wamemwaga vitabu sakafuni. Lakini aliyekaa katikati ya zile nguo akizikunja alikuwa ni baba mwenye nyumba, na mama alikuwa amelala, kwa kuwa siku ile alisimamia mitihani. Kijana hakushtuka wala hakuona haya. Akasema: "Karibu shehe, sogeza hizo za watoto ukae." Nikazisogeza. Nilipoona zimebaki nyingi, nikaanza kukunja na mimi.

Tunamuomba Allah (s.w.) azijaalie nyumba zetu ziwe mahali pa utulivu, azisafishe nyoyo zetu kabla ya sakafu zetu, na awape subira na malipo mema mama zetu, wake zetu na mabinti wanaotutumikia. Na atuwafikishe sisi wanaume tuufuate mwenendo wa Mtume wake (s.a.w.) ndani ya milango iliyofungwa kama tunavyodai kuufuata hadharani. Amin.

Wabillahi tawfiq.